Mtani Niliyemwachia Moyo

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na tumbo limeshiba viazi. Nayasema mapema kwa sababu kila ninaposimulia hutokea mjuaji mmoja akauliza kama nilikuwa nimekunywa. Sikuwa nimekunywa. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na kwetu pombe ilikuwa haiingii hata kwa ajili ya mgeni. Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize.

Zama zile alitawala Mwingereza. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kijiji chetu kilikuwa kusini ya Sikonge, ndani kabisa ya msitu wa miyombo, na riziki yetu ilikuwa mizinga ya nyuki. Kila mwaka, watu wakisha kurina asali, mimi ndiye niliyepeleka nta Tabora kwa Mhindi mmoja mwenye duka. Ilikuwa safari ya siku tatu kwa miguu, mzigo begani, na nilikuwa sijui kuchoka ni nini. Wenzangu walikuwa wakipumzika mara mbili mimi napumzika mara moja, tena kwa kuwahurumia. Nilikuwa nimemposa Nyamizi, binti wa jirani yetu, na wazazi wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kukubaliana. Nakuambia haya ili ujue nilikuwa nani kabla ya siku ile.

Kutoka kwetu kwenda Tabora palikuwa na njia mbili. Moja ni ya magari ya serikali, iliyozunguka sana. Ya pili ni ile ya zamani ya misafara, waliyopita wapagazi na pembe za ndovu enzi za babu zetu. Hiyo ilikatisha msituni na ilikuwa fupi. Baba alikuwa akiniambia kila mara, "Pita ya magari." Nikimuuliza kwa nini, anasema ina hewa nzuri. Hewa nzuri! Mtoto wa miaka ishirini na mitatu anaambiwa habari za hewa. Mwaka ule niliamua kupita ya zamani.

Siku ya pili, jua la utosi, nilimkuta mtu amekaa chini ya mninga. Kichwani hana kitu, kiunoni amejifunga kaniki iliyopauka, na kando yake upo mzigo uliofungwa kwa kamba za magome. Alionekana kama mtu wa miaka arobaini. Nikatua nta yangu, nikamwamkia kwa heshima.

"Shikamoo."

Akaangua kicheko. "Mnyamwezi anaamkia! Siku hizi mmefundishwa adabu na nani? Mimi Mzaramo, bwana. Mtani wako."

Sasa kama wewe si mtu wa huku huenda usielewe furaha niliyoipata. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu siku za misafara. Mtani anaweza kukutukana, akakunyang'anya kofia, akakuambia umekufa zamani, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Na ukifa kweli, ni mtani anayekuja kushika jembe na kulichimba kaburi lako, huku akikusema vibaya mpaka waliofiwa wacheke. Ndiyo kazi yake. Mtu aliyefia ugenini, mbali na ndugu, mtani wake ndiye ndugu. Nilikuwa sijawahi kukutana na Mzaramo njiani, na ulimi ukaniwasha.

"Mzaramo gani huyu," nikasema, "amekuja kutafuta nazi kwenye msitu wa nyuki?"

"Na wewe punda wa watu, bado unabeba tu? Hata Mjerumani ameondoka hamjatua?"

Tulicheka sana. Akaninyang'anya kibuyu changu cha maji bila kuomba, nami nikamwachia, kwa sababu ni haki yake. Alikunywa kwa muda mrefu. Niliyaona maji yakimiminika chini, yakalowesha mchanga aliokalia, na nikadhani ana pupa tu. Niamini, ndivyo nilivyodhani.

Aliponirudishia kibuyu akasema, "Nyinyi hamna haya. Mmeniacha hapa miaka yote sijazikwa."

Ungejibu nini wewe? Kila mtani husema hivyo. Ndio utani wetu wenyewe, maiti na makaburi. Nikamjibu kama ambavyo Mnyamwezi yeyote angejibu. "Tutakuzikaje na harufu hiyo? Hata fisi wamekukataa. Ngoja nipeleke nta, nikirudi nitakuzika mwenyewe."

"Mnasahau nyinyi. Niachie kitu."

"Sina kitu. Labda chukua moyo, uukalie mpaka nirudi."

Akanyoosha mkono akanigusa kifuani kwa vidole viwili, kama mtu anayekuondolea jani kwenye shati. "Haya," akasema. Hakucheka tena. Nikajitwika mzigo wangu nikaenda zangu, nikiwa mchangamfu, nikifikiria jinsi nitakavyowasimulia vijana wenzangu.

Tabora nilifika salama. Mhindi alikuwa akiipima nta, mimi nimesimama mlangoni, ndipo moyo ulipoanza. Ulianza kwa kuruka mara moja, ukanyamaza, kisha ukaenda mbio kana kwamba nimekimbia toka Sikonge. Vidole vikafa ganzi. Pumzi ikagoma kushuka. Nilijua kabisa kwamba nakufa, tena pale pale, mbele ya magunia ya chumvi. Mhindi alipiga kelele, watu wakanibeba mpaka hospitali.

Daktari Mzungu alinisikiliza kifua mbele na nyuma, akaniambia nipande ngazi nishuke, akasikiliza tena. Msaidizi wake akanitafsiria. "Bwana daktari anasema moyo wako ni mzima kuliko wake. Anasema una hofu." Nikamwambia sina hofu ya kitu chochote. Akasema ndiyo hivyo, kapumzike.

Nilirudi nyumbani kwa njia ya magari, nikiomba nafasi kwenye lori, kwa kuwa sikuthubutu tena kutembea peke yangu. Baba alinitazama usoni, akauliza swali moja tu. "Ulipita wapi?" Nilipomwambia, akaondoka akaenda shambani.

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyenikalisha. Alikuwa mzee sana, haoni vizuri. Nilimsimulia yote.

"Ulimjibu?" akauliza.

"Nilimjibu, bibi."

"Ukamtania?"

"Nikamtania. Ni Mzaramo."

Bibi akalia. Aliniambia kwamba msafara mmoja, zamani, ulipita pale na mgonjwa wa ndui. Alikuwa mpagazi kutoka pwani, Mzaramo, na hakukuwa na Mzaramo mwingine msafarani. Alipozidiwa wakamlaza chini ya mti. Wanyamwezi ndio waliokuwa watani wake na ndio waliopaswa kubaki wamzike. Wakaogopa ndui. Walimwambia, kwa mzaha ili asilie, "Tangulia kuoza, tukirudi tutakuzika." Hawakurudi.

"Babu yako alikuwemo, mwana wane," akasema. "Tangu hapo anayepita pale hupita kimya, na akiitwa haitiki. Zamani watoto wote waliambiwa. Baba yako alipobatizwa akasema maneno hayo yaishe, ni ya kipagani. Yakaisha."

Niliposikia vile sikuogopa, nilikasirika. Nilijua la kufanya, na lilikuwa jambo dogo. Nichukue jembe, niende, nichimbe, nimzike. Kazi ya nusu siku. Baba akakataa. Alisema mtoto wa mzee wa kanisa haendi kuzika pepo msituni, watu wataonaje? Tulibishana, moyo ukaja mbio, nikaanguka, naye akasema unaona, ukifikiria mambo haya unajiumiza. Nikaahirisha. Baada ya mavuno, nikasema. Baada ya mvua. Hilo ni kosa langu na sitamtwika mtu mwingine.

Mvua ilipokwisha ikaja amri ya serikali. Malale ya mbung'o yalikuwa yameingia, watu wanakufa usingizini, na vijiji vyote vya msituni vikahamishwa kwa nguvu vikakusanywa mahali pamoja. Msitu wetu ukafungwa. Njia ya zamani ikakatazwa kabisa, na kwenye barabara wakawekwa watu wa kukagua mbung'o, wenye nyavu na vitabu vya kuandikia wapitao. Hapo ndipo nilipotambua nimechelewa.

Sasa nikueleze namna ya kuishi na moyo wa namna hii. Kanisani unakaa karibu na mlango. Sokoni humalizi kununua. Ukila unasikiliza, ukilala unasikiliza, ukisikia vizuri unaogopa na usiposikia unaogopa zaidi. Unashika mkono wako kuhesabu mapigo mbele ya watu, wanakonyezana. Waliniita mgonjwa wa mchana, kwa kuwa jua likiwa utosini ndipo moyo ulipozidi. Wengine walisema navikwepa vibarua vya serikali. Waganga wawili walinichanja, daktari mwingine akanipa vidonge vyeupe, na wote waliniambia nisiwe na wasiwasi. Maneno hayo nimeyasikia mpaka nayachukia. Nani alipenda kuwa na wasiwasi?

Nyamizi alinisubiri miaka miwili. Simlaumu. Alikuja mwenyewe kuniambia, akakaa mbali kidogo na mimi, akasema, "Naogopa kuwa mjane kabla sijawa mama." Akaolewa Usoke. Mimi nikawa nachonga mizinga ya wengine, kazi ya kukaa kitako, tena sharti awepo mtu karibu.

Baba alikufa mwaka wa saba. Mtani wa kuchimba hakupatikana, nikalazimika kushika jembe pamoja na ndugu, ingawa wote walidhani nitaangukia humo humo kaburini. Nikaanza kuchimba. Na moyo ukatulia. Sikuamini. Nilichimba nikisikiliza, na kifuani kimya, kama nilivyokuwa zamani, kijana mwenye mzigo wake. Ndugu walitaka kunipokea jembe nikawakatalia. Nilichimba mpaka kaburi likazidi kina, wakanitoa kwa kunivuta mkono, wakifikiri ni uchungu wa baba. Nilikuwa natabasamu, na watu waliniona. Udongo uliporudishwa wote, moyo ukaanza tena.

Basi kiangazi kile kile nilichukua jembe, nikawazunguka watu wa mbung'o kwa kupitia mtoni, nikaingia msituni peke yangu. Njia ya misafara haikuwepo. Nyasi zilikuwa zimeimeza, miti imeanguka na mingine imeota, na mininga imejaa kila upande, yote sawasawa. Niliita, "Mtani! Nimekuja na jembe!" Nilimtukana matusi yote ninayoyajua ili anijibu. Hakujibu. Nikachagua mti mmoja nikachimba kaburi, moyo umetulia mkono ukiinuka na kushuka. Nikafukia udongo mtupu, kwa kuwa sikuwa na mtu wa kuweka ndani. Sikufika hata hatua kumi, mapigo yakanirudia.

Nimerudi kila kiangazi. Hadi leo nimechimba makaburi kumi na moja chini ya mininga kumi na mmoja. Safari moja watu wa mbung'o walinikamata, wakaniuliza nachimba nini, nikasema mizizi ya dawa. Wako wanaosema ni hofu tu, na kwamba kazi ya jembe hutuliza hofu. Sikatai, huenda ni hivyo. Lakini mimi nimelima mashamba pia, na shambani moyo hautulii.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayesikiliza. Usimwahidi mtu wa njiani jambo usilokusudia kulitenda, hata kwa utani, hata kama desturi inakuruhusu. Lakini zaidi nawaonya nyinyi wazazi, mnaojua na mkanyamaza. Kama ukoo wenu ulimwacha mtu porini, kaeni na mtoto mumwambie: ni mahali fulani, chini ya mti fulani, na sisi ndio tuliofanya. Aibu mtakayoipata ni ya siku moja. Mimi sikuambiwa. Nilipita pale nikicheka.