Nguo ya Kuogelea ya Jirani

Fundi alikuwa ameshona magauni ya maharusi, suruali za wanaume wenye vitambi, hata koti la mzee mmoja ambaye bega lake moja lilikuwa juu kuliko jingine. Nguo ya kuogelea ndiyo hakuwahi kushona. Wala halikumtisha hilo. Mwanamke yule alijiamini kupita kiasi, na akishika mkasi ndiyo usiseme.

Nguo yenyewe ilikuwa ya rafiki yake, msusi wa saluni ya pili yake. Maduka yao yametenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, na ukuta huo ndio simu yao: ukigongwa mara moja, kuna umbea, ukigongwa mara mbili, umbea ni wa moto, acha kichwa cha mteja uje. Wanaitana Jirani, wote wawili, na wateja wameshazoea. Basi mwaka uliopita Msusi aliugua, madaktari wakamtoa titi la kushoto. Alipona, alhamdulillahi. Akarudi kusuka, akarudi na kusengenya. Lakini yule aliyekuwa akiona maji anajitosa kwanza ndipo anauliza kina, sasa alijificha ndani ya magauni mapana, na ukimtajia kuogelea anabadilisha mazungumzo. Jambo hilo lilimuuma Fundi kuliko alivyoweza kulisema. Alitaka kumwona mwenzake majini tena, basi.

Kwa hiyo akashona. Nguo ya buluu, imekaa sawasawa, na upande wa kushoto akauwekea sponji, ileile anayojazia mabega ya makoti. Akaikata, akaiviringa, akaisawazisha, akalivalisha sanamu la dukani na kurudi nyuma kulitazama. Usingejua titi lipi ni la Mungu na lipi la Fundi.

Akagonga ukuta mara mbili. Msusi akaja mbio, kitana kichwani.

"Jumamosi tunaenda baharini," Fundi akamwambia. "Chumba nimeshakodi. Usinibishie, jaribu hii kwanza."

Msusi akaingia nyuma ya pazia. Fundi akaanza kung'ata kucha. Kisha sauti ikatoka, nyembamba kidogo: "Jirani, umenishonea au umeniroga? Mbona nimependeza hivi?"

Huko baharini walianza wazimu tangu mlangoni. Chumba kilikuwa na vitanda viwili na feni iliyokoroma, nao wakaicheka feni. Wakakicheka kioo kilichowafanya wembamba, kisha wakagombania kusimama mbele yake. Mama mwenye nyumba alipowauliza kama watakunywa chai au kahawa, wakacheka na hilo, hata yeye akaanza kucheka bila kujua anachekea nini.

Ufukweni Msusi alifika amejifunga taulo mpaka shingoni. Kulikuwa na familia zimetandika mikeka, na vijana wanacheza mpira. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Ghafla taulo likaanguka, na Msusi huyo, mbio, anapiga kelele, mpaka akatumbukia mzimamzima. Fundi, ambaye hajui kuogelea hata kwenye karai, alirukaruka pale ukingoni akipiga vigelegele.

Sasa Fundi alijua kila kitu kuhusu sponji, isipokuwa jambo moja ambalo kila aliyewahi kuosha vyombo analijua.

Msusi aliposimama, upande wa kushoto ulikuwa umevimba. Ukaanza kushuka. Ukapita mbavu, ukafika karibu na kitovu, ukining'inia na kuchuruzika maji. Mpira wa vijana ukasimama. Watu wa mikekani wakageuka. Fundi akaona amemuaibisha mwenzake mbele ya kadamnasi, kwa mikono yake mwenyewe, na sasa hataliona tena gauni fupi mwilini mwa Jirani, sembuse kumwona majini. Akaokota taulo, akaingia majini na nguo zake.

Msusi akajitazama. Akakitazama kitu kile kwa muda. Akakibonyeza, kikamwaga maji.

"Jirani!" akapiga kelele. "Titi gani hili, linanyonya badala ya kunyonyesha?"

Akacheka mpaka akakaa chini majini. Fundi naye, aliyekuwa ameshaanza kulia, akajikuta anacheka, akaporomoka ubavuni pake. Msusi akaingiza mkono, akaichomoa sponji, akaikamua na kumpiga nayo Fundi usoni. Nguo iliyolowa ikamganda Msusi kifuani: upande mmoja umejaa, upande mwingine bapa, na kila mwenye macho aliona.

"Shika taulo," Fundi akanong'ona. "Watu wanaangalia."

"Waangalie. Mwaka mzima nimewaonea haya watu ambao hata sijui majina yao." Akageuka, akaogelea kuelekea kwenye maji mengi, na hakurudi mpaka vidole vilipokunjamana.

Alipotoka alijilaza mchangani juani, bila taulo. Fundi akasogea, mnyonge.

"Nisamehe, Jirani. Nitairekebisha. Nitatafuta kitu kisichonywa maji."

"Usitafute kitu. Nishonee nyingine, ya njano, inibane. Hivi nilivyo ndivyo ushone. Futi unayo?"

Fundi hatembei bila futi. Aliitoa kwenye mkoba. Msusi akasimama katikati ya ufukwe, watu wote wakiona, akainua mikono juu ili apimwe.