Filamu ya Molo Iliyokuwa Haijaoshwa

Niliondoka Nakuru kwa sababu ya filamu moja ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona. Sisi wakusanyaji wa filamu za treni ni wachache na wabishi, na tunazozililia ni zile za majaribio, zisizo na hadithi wala mwigizaji. Marehemu Wafula, gadi wa treni, alizipiga kwa kufunga kamera nyuma ya behewa la mwisho. Ni reli tu inayokimbia, pengine safari mbili zikipandana kwenye picha moja, ya kwenda na ya kurudi. Hazina mtu hata mmoja. Ila mjane wake, Mama Nekesa, aliniambia kwa simu kwamba katika ile ya mwisho, iliyobaki koponi, mumewe alimpiga picha yeye mwenyewe akipunga mkono stesheni ya Molo.

"Hiyo bado haijaoshwa," nilimwambia. "Nakuja kuichukua Jumamosi."

Sachangwan, njiani kwenda Molo, tulipita kwenye ukungu. Rafiki yangu alikuwa akienda kupakia viazi, na njia nzima nilimchosha ndani ya lori lake nikimweleza nitakavyoiosha gizani, kwa dawa, hadi picha zitoke.

Molo kulikuwa na baridi kali. Nilimkuta Mama Nekesa uani. Kwenye kamba, kati ya shuka na sweta, filamu ilikuwa imeanikwa.

"Karibu, kijana. Uliposema haijaoshwa niliona aibu," akasema. "Nimetumia maji moto na sabuni. Ilikuwa na uchafu mwingi, lakini wote umetoka."

Niliiinua kwenye mwanga. Niliona shuka upande wa pili, kama kupitia kioo kitupu. Hata hivyo nilikunywa chai yake nikamshukuru.

"Mzee alipenda reli kuliko mimi," alisema akinifungia filamu kwenye gazeti. "Ukiniona humo, nipigie simu."

Nilirudi Nakuru nimepakata lile gazeti. Siku hizi nikiongea na mwenye filamu namwambia asiifungue, asiiguse. Neno kuosha silitaji. Nimejifunza kwa kuchelewa, na inaniuma hadi leo.

Jumapili, siku iliyofuata, Mama Nekesa alipiga simu mwenyewe. "Niko humo?"

"Hakuna kilichotoka, mama. Iliharibika."

"Pole, kijana," akasema. "Na vile niliisugua vizuri."