Shangazi alivyoiombea mboga yake

Wasee, leo shangazi yangu amewasimamisha watu wa stima kwa maombi!

Niko hapa saiba ya Buruburu, kwenye kompyuta za intaneti, bado nacheka.

Mnajua shamba lake la Njiru liko chini ya zile nyaya kubwa za stima. Asubuhi wanaume wakaja na pampu mgongoni, eti wanyunyize dawa ya kuua vichaka. Mwaka jana dawa hiyo hiyo ilimchomea mboga zake zote za managu.

Shangazi hakugombana. Alimwambia supavaiza wao, "Sawa baba, lakini tuombe kwanza."

Kofia zikatoka.

Semeni ukweli, nyinyi mngepiga pampu mama amefumba macho?

Akaombea managu. Akaombea mrenda, saga, kunde. Akaombea wale wanaume, wake zao, na watoto wao wanaokula mboga.

Mimi nikachungulia. Kumbe naye anachungulia mawingu!

Akaomba mpaka mvua ikamwagika. Na hiyo dawa ikinyeshewa, ni bure.

"Amina!"

Supavaiza, ameloa chapachapa, akasema, "Mama, kesho tutarudi."

"Karibuni sana. Kesho ataomba mchungaji. Mimi ndiye huwa naomba kwa ufupi."