Nyumba ya Ziwani Kule Maguu

Mwaka niliomaliza chuo, serikali ilikuwa imeacha kuwapangia wahitimu kazi, kwa hiyo nikajitolea. Sikuwa na kitu kingine cha kutoa. Shirika letu pale Mbinga lilikuwa likijenga nyumba za bei nafuu. Familia inafyatua na kuchoma tofali, inasomba mawe na maji. Shirika linaleta saruji, mabati na fundi. Deni linalipwa kidogo kidogo kila msimu wa kahawa. Kila kiangazi walikuja pia wazungu wa kujitolea, waliovuka bahari ili washike mwiko. Fundi aliwapa ukuta wa choo wauchezee.

Ramani ya nyumba ilikuwa moja tu. Ilichorwa kwa ajili ya Mbaha, ziwani, ambako joto huwatoa watu barazani: matundu makubwa ya hewa juu ya kila ukuta, madirisha ya wavu, na hakuna mahali pa kuwasha moto. Watu wa Mbaha waliifurahia, basi shirika likaijenga vilevile Maguu, mlimani, ambako mwezi wa saba watu huota moto jua likiwa bado juu. Kasoro hiyo niliiona siku ya kwanza. Nikawaza kama mtu wa kujitolea ana haki ya kusema. Nikawaza kama ipo sababu ya kitaalamu ambayo sikufundishwa. Nilipomaliza kuwaza, bati lilikuwa limepigwa.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane, aliyefyatua tofali pamoja na wakamwana wake huku akiwagombeza tangu asubuhi. Baada ya muda Mratibu wetu, mtu wa Tanga, akaniita ofisini. Alikuwa amesikia kwamba bibi halali katika nyumba yake, na kanuni ilisema asiyekaa ndani ananyang'anywa, inapewa familia nyingine.

"Tangulia leo," akaniambia. "Kesho nakuja na wageni, wale wazungu. Nimkute ndani."

Njia nzima nilipanga jinsi ya kulifikia jambo hilo taratibu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuninyang'anya?"

Nilichungulia dirishani. Magunia ya kahawa yalikuwa yamepangwa hadi juu. Siku hizo wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kupanda mlima na malori yao kushindana na chama cha ushirika, na bibi alikuwa akiwasubiri wapandishe bei. Kwa sakafu ile na matundu yale, kahawa haijawahi kulala pazuri hivyo. Yeye alikuwa amejijengea kijumba cha jiko cha udongo ubavuni mwa nyumba: moto katikati, mahindi juu ya kichanja, kitanda pembeni.

"Bibi, toa hata magunia machache, uweke kitanda."

"Humo? Msomi wewe, nilale mzima niamke nimekauka?"

"Watakunyang'anya kweli."

Bibi aliupapasa ukuta. "Kuni za kuchomea tofali hizi nilizibeba kwa kichwa hiki," akasema, bila ukali wowote, na hapo ndipo nilipoogopa.

Kesho yake Mratibu alifika na wageni, akamhutubia mlangoni. "Bibi, hii ni nyumba ya watu, si ghala. Usilale humu leo uone, ataingia mwingine."

Kisha gari likagoma kuwaka. Tulilisukuma hadi jua likazama.

"Mtalala humo," bibi akasema. "Mgeni halazwi jikoni wakati nyumba bora ipo." Wakamwana wakatusogezea magunia, wakisemezana Kimatengo na kucheka.

Usiku ule upepo ulipita kwenye matundu kama ulivyochorewa. Kulipopambazuka tulikuwa wote jikoni kwa bibi, Mratibu amejifunika gunia tupu, wageni wamebanana kando ya moto. Bibi akatugawia uji.

"Mmelalaje, wanangu?"

Mratibu akakohoa. "Matundu yale tutayaziba."

"Yazibwe, kahawa yangu ipumulie wapi?"

"Sasa wewe utalala wapi?"

"Hapo ulipokaa, baba. Hapo ndipo ninapoweka kichwa."

Mzungu mmoja, mama mwenye kofia ya sufu, akauliza tunazungumza nini. Mratibu akanitazama nitafsiri. Nikaanza kupima: nikisema jiko, bibi amekwisha, nikisema chumba, nimedanganya, nikisema kibanda, je, nitakuwa nimetukana utamaduni? Mratibu hakunisubiri. Kwa Kiingereza safi akawaeleza kwamba hiki ndicho chumba cha kulala cha nyumba ile, na kwamba shirika limekitenga makusudi kwa sababu ya baridi ya mlimani. Wageni wakaupiga moto picha. Wakausifu sana ubunifu wa shirika.

Basi, kwa mujibu wa kanuni, bibi alikuwa analala katika nyumba yake. Nikamnong'oneza kwamba amepona, hakuna atakayemtoa. Yeye alikuwa anamwongezea Mratibu uji.

"Kunywa, baba," akamwambia. "Na huyu mkamwana wangu naye mjengeeni. Kahawa yao inalowa."