Dizeli ya Machicha

Shangazi yangu anakuna nazi Kariakoo. Ana mashine mbili kizimbani kwake sokoni, moja ya kukuna na moja ya kukamua, na wenye hoteli wa Magomeni na Upanga hutuma watu wao asubuhi kuchukua tui lililo tayari kwenye madumu. Wao wanaondoka na tui, machicha yanabaki kwake. Kwa nazi anazokamua yeye, machicha si kitu cha kutia kwenye ndoo ukasahau. Ni viroba. Na kiroba cha machicha kikikaa siku mbili kwenye joto la Dar kinachacha, kinatoa harufu ya siki iliyochanganyika na mafuta yaliyovunda, na nzi wa soko zima wanapata habari.

Nilifika likizo kumsalimia, nikakuta kamati ya soko imempa wiki mbili. Jirani yake, mama muuza vitenge, alikuwa amelalamika kwamba vitambaa vyake vinanuka na wateja wanadhani ni yeye. Mwenyekiti alikuja mwenyewe akasema, kwa upole kabisa, kwamba machicha yasipopatiwa dawa kizimba atapewa mtu mwingine. Gari la taka lilikuwa linakuja linapojisikia, lakini hilo halikumhusu mwenyekiti. Shangazi yuko pale zaidi ya miaka ishirini. Baba alipofariki, nazi za pale ndizo zilizonisomesha kuanzia darasa la tano mpaka chuo. Akitolewa pale hana pa kuanzia, maana wateja wa tui wamezoea mahali, hawatamfuata mtaa mwingine. Aliniambia usingizi umemkimbia, na macho yake yalionyesha.

Mimi ni mwalimu wa kemia, nafundisha sekondari mkoani. Mtu akinieleza shida yake, kabla sijampa pole huwa nimeshaanza kujiuliza hiyo shida imetengenezwa na nini. Ni tabia mbaya na sijaiacha. Siku ile nilichota machicha kiganjani, nikayabana ndani ya karatasi ya daftari. Karatasi ikapata doa la mafuta linalong'aa. Tui limekamuliwa weee mpaka la mwisho, na bado mafuta yamo! Nikasahau kamati.

"Shangazi, hii ni dizeli," nikasema.

"Hayo ni machicha, mwalimu," akanijibu. "Hebu sogea, unazuia wateja."

Nieleze kidogo nilichokuwa nawaza. Mafuta ya nazi yenyewe ni mazito kwa injini. Lakini ukiyapasha moto wa wastani pamoja na methanoli, ambayo ni jamaa ya spiriti ila ni sumu, halafu ukatia kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha kazi bila chenyewe kuisha, mafuta yanajigawa: juu inakaa dizeli nyepesi, chini inatulia glisirini. Vichocheo vya dukani ni ghali. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba chokaa ya maganda ya mayai yaliyochomwa sana inafanya kazi hiyohiyo, na mji huu kwa chipsi mayai haujambo. Nikapita kwa wakaanga chipsi watatu kuomba maganda. Wa tatu akaniuliza, "Dada, una kuku wangapi?" Nikamwambia sina hata mmoja. Alinipa mfuko mzima, ila alinitazama kwa huruma.

Huko Gerezani, fundi mmoja wa majiko alikubali niyachome kwenye tanuri lake la mkaa lenye feni, na akaniundia kikamulio kwa kutumia jeki kuukuu ya gari. Machicha ya siku tuliyaanika uani kwa shangazi, Magomeni, juu ya turubai, nikawa nayabana kidogokidogo. Mafuta yalitoka mepesi, ya manjano, na kila tone lilinifurahisha kuliko lilivyostahili. Maganda yaliyochomwa niliyasaga, nikayaacha kwenye bakuli mezani, nikaenda kutafuta methanoli kwenye maduka ya kemikali.

Kesho yake nilianza kazi kule kizimbani, kwenye kona ya nyuma, mbali na moto wowote. Chupa ya mafuta ndani ya sufuria ya maji ya moto, methanoli, unga wangu mweupe, kifuniko, tikisa. Wateja wa tui walijaa kutazama. "Mambo, dokta?" mmoja akanitania. "Poa," nikasema, nikiendelea kutikisa. Nilitikisa mpaka mkono ukafa ganzi. Hakuna kilichojigawa. Ndani ya chupa kulikuwa na kitu kizito, cheupe, chenye povu. Nilikuwa nimetengeneza sabuni, tena mbovu.

Sabuni maana yake ni maji yameingia. Nikauliza kwa sauti nani kagusa bakuli langu.

"Ni mimi," shangazi akasema. "Uliiacha chokaa yako haijazimwa kwa maji, nikakuzimia."

Hasira zilinipanda. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba kama hajui kitu asikiguse, na kwamba nahangaika kwa ajili yake na yeye ananivurugia. Vicheko vikakatika. Shangazi alichukua nazi nyingine, akaipasua, akaendelea na mashine. Nikasimama pale na chupa yangu ya sabuni, nikijichukia, na bado nikitamani kujua alifahamuje kwamba ule unga ulikuwa chokaa. Mimi nilikuwa nimemwambia ni maganda ya mayai tu.

Nilimwuliza tulipofika nyumbani, baada ya kumwomba radhi. Kwanza alitengeneza tambuu yake taratibu, akapaka chokaa kwenye jani, akakunja, akatia mdomoni. Ndipo akasema marehemu babu yangu, baba yake, alikuwa mchoma chokaa kule Lindi. Hilo sikuwahi kulisikia. Walikuwa wakipanga magogo na matumbawe, wanachoma, na mawe yakishaiva ni lazima yazimwe kwa maji, kwa sababu chokaa ambayo haijazimwa inaunguza ngozi na kupofua macho. Chokaa mbichi ya namna hiyo, katika nyumba yenye watu, haiachwi ikalala. Mtoto wa mchoma chokaa akiiona anaizima hata kama hakuombwa, kama vile mtu mwingine anavyofunika kisima. Usiku ule alilamba unga wangu kwa ncha ya kidole, ukamuunguza ulimi, akajua. Akanyunyiza maji, ukachemka, akauanika ukakauka, akaurudisha kwenye bakuli. Alidhani amenisaidia.

Nikamweleza kwamba maji hayo ndiyo yaliyogeuza mafuta sabuni.

"Kwani wewe unaitaka ikiwa kali?" akaniuliza.

"Ndiyo. Ikishaonja maji haifai."

"Basi ungesema. Irudishe motoni, itakuwa kali tena."

Alinisindikiza Gerezani mwenyewe, na kumbe hata kuchoma nilikuwa nachoma kivivu. Mimi nilitazama rangi ya juu tu. Yeye alivunja vipande vya ganda, akanionyesha kijivu kilichobaki ndani, akamwambia fundi, "Baba, ongeza moto, hii haijaiva." Kila baada ya muda alichukua kipande kwa koleo, akakidondoshea tone la maji, akasikiliza. Kilipochemka na kufumuka palepale, akasema tayari. Tukaufungia unga ndani ya kopo la maziwa, kifuniko kikazungushiwa nailoni, na safari hii akakataa katakata nilifungue mpaka mafuta yawe tayari. Chupa ya pili ilijigawa mbele ya macho yetu. Nilipiga kelele mpaka mama wa vitenge akaja mbio akidhani nimeungua.

Basi nikakaa, kila siku nikibana na kutikisa. Shangazi ana injini ndogo ya dizeli ya kuwasha umeme ukikatika. Siku ya mwisho ya wiki mbili zile, mwenyekiti alipokuja na wajumbe wawili, niliitia dizeli yangu yote, nikavuta kamba. Ilikohoa, ikazima. Nikavuta tena. Ikawaka, na moshi wake ukanukia kashata! Shangazi akatia nazi mashineni, nazi ikakunwa, watu wakapiga makofi. Nilijiona nimeshinda.

Mwenyekiti alisubiri mpaka injini ikanyamaza.

"Hongera, mwalimu," akasema. "Sasa, kwenye kiroba kimoja unatoa mafuta kiasi gani?"

"Chupa moja. Moja na nusu kikiwa kimejaa vizuri."

"Na hicho kiroba kinabaki na nini?"

Kinabaki na machicha. Nilikuwa nimeondoa mafuta, lakini rundo lilikuwa lilelile. Wiki mbili nzima nilikuwa nikijibu swali ambalo hakuna aliyeniuliza, na la shangazi sikuligusa. Nilimtazama shangazi nikitaka anisamehe, na yeye alikuwa anafuta mikono kwenye kanga bila haraka.

"Mwenyekiti, njoo huku," akasema.

Alimpeleka mpaka kwenye ukuta mwembamba unaomtenga na vitenge, akafungua kiroba kilichosimama pale. Kilikuwa na machicha niliyokwisha kuyabana, makavu kabisa.

"Hiki kina siku sita kiko hapa. Nusa. Kinachonuka ni maji na mafuta. Hivi vyote mwanangu amevitoa. Na huyu jirani yangu mwulize kama amesikia chochote."

Mama wa vitenge akachungulia, akashangaa. "Mimi nilijua ni pumba!"

Shangazi akaendelea kueleza kwamba mfugaji mmoja wa kuku ameshakubali kuja kuchukua viroba kila siku ya pili, na fundi wa Gerezani anaunda kikamulio kikubwa. Mwenyekiti alinusa tena, akatingisha kichwa, akasema kizimba ni chake. Wajumbe wakanipa mkono, nami nikaupokea kwa aibu.

Walipoondoka nilimwuliza amelijua hilo tangu lini.

"Tangu siku ya pili ulipoanza kubana. Nilishika, nikaona hayanuki."

"Sasa shangazi, mbona hukusema? Umeniacha nahangaika na machupa siku zote hizi!"

Alikuwa ameshageukia mashine, akipanga nazi za mteja.

"Ningekwambia, kesho yake ungepanda basi ukaenda zako," akasema.

Ni kweli. Ningepanda.