Mistari Miwili ya Selo

Nakumbuka siku moja ya jua kali pale Itigi, mwanangu. Nisikilize taratibu, maana siku hizi hata kusimulia kunanichosha. Nilikuwa msichana wa kwaya, na sista mmoja mgeni alikuwa amenianzisha kupiga selo, ile fidla kubwa inayosimama sakafuni. Aliporudi kwao alituachia selo, ila karatasi za nyimbo zake hatukuziona.

Siku hiyo nilikuwa napanga vitabu kwenye maktaba ya parokia, nikazikuta karatasi zile katikati ya vitabu vya mifugo. Nilifurahi mpaka nikakaa chini vumbini. Ndani yake kulikuwa na wimbo ambao sista aliupiga jioni, na baba yangu, mtu wa reli, alizoea kusimama nje ya dirisha kuusikiliza. Sasa masikio ya baba yalikuwa yanakufa. Nyumbani tulizidi kupaza sauti. Aliniomba jambo moja tu, ausikie tena kabla hayajaziba kabisa.

Lakini kwaya zetu unazijua, husoma solfa: do, re, mi. Nota zile zilikuwa za vichwa na mikia, zimekaa kwenye mistari. Mwalimu wetu wa kwaya, mzee tayari, akanionyesha namna ya kuzigeuza ziwe solfa. Kwetu hakuna kufungua mdomo kabla wimbo haujaandikwa wote ubaoni, basi nami nikaapa kutogusa selo mpaka nimalize kurasa zote, kwa mwandiko safi.

Mwalimu akanikuta nimeinamia kazi hiyo. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Baba yako amesikia nini mpaka sasa?"

"Bado, mwalimu. Kawia ufike."

Akavua miwani. "Hiyo mwambie msafiri, binti. Wewe una baba ambaye masikio yake yanaziba. Ngojangoja huumiza matumbo. Umegeuza mistari mingapi?"

"Miwili."

"Nenda kapige miwili."

Nilikasirika, sikufichi. Ila mkubwa akisema, unakwenda. Nikaibeba selo mpaka nyumbani. Baba alisogeza kigoda mpaka goti lake likagusa selo, nami nikapiga, upinde ukikwaruza nyuzi vibaya.

"Ndiyo imekwisha?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Basi rudia."

Nikarudia mpaka vidole vikauma, naye analia bila kujificha.

Mvua zilipoanza hakusikia tena kitu. Krismasi nilipiga wimbo mzima kanisani bila kosa. Baba alikaa mbele kabisa, na makofi aliyapiga baada ya kugeuka na kuona wengine wanapiga.

Kwa hiyo, mwanangu, mpe mtu wako hicho kidogo ulicho nacho, na makwaruzo yake, angali anaweza kukipokea. Kukamilisha utakamilisha baadaye, nguvu zikiwepo. Mungu akubariki, awatunze wanaokungoja mpaka uwafikie. Nenda sasa, niache nipumzike.