Laptop ya Mwalimu wa Kwaya

Mwalimu wa kwaya yetu hapa Njombe ametutoka. Tulimzika mwezi uliopita, asubihi yenye ukungu na baridi ile ya kwetu inayoingia mpaka kwenye mifupa, na kwaya ikamwimbia nyimbo za mazishi za Kibena alizozitunga mwenyewe. Alikuwa jirani yangu tu, mama mkali, mcheshi akipenda, na nilimpenda sana. Ila leo nataka kuongelea laptop yake.

Siku aliyoinunua nilikuwa naye. Nilikuwa na safari ya Makambako, akaomba lifti, akanipeleka moja kwa moja kwenye duka la kompyuta za mtumba karibu na njia panda, pale malori ya Zambia yanapojipanga. Muuzaji akamtolea kijilaptop kidogo. “Mama, kwa bajeti yako ni hii. Lakini nisikufiche, haina Windows, ina mfumo mwingine, Linux.” Mimi nikaingilia, “Mwalimu, achana nayo, utahangaika bure.” Hata hakunigeukia. Akamuuliza muuzaji, “Inaandika?” “Inaandika, mama, tena ni nyepesi.” “Basi nifungie.” Njia nzima aliipakata kama mjukuu, na kila nilipotaka kusema neno alinikata: “Jirani, wewe endesha gari.”

Shida yake ilikuwa moja. Nyimbo zile hazikuandikwa popote, zilikuwa kichwani mwake na kooni mwa waimbaji, na vijana siku hizi wanaimba walichokisikia kwenye simu. “Nikifa, nyimbo hizi zitanifuata kaburini,” aliniambia, na hakuwa anatania. Basi kila Jumamosi baada ya mazoezi, laptop iliwekwa kwenye benchi na waimbaji wakapanga foleni. Soprano aandike soprano, besi aandike besi, do re mi zake na maneno yake. Besi wetu mmoja anafanya kazi kwenye mashine ya mbao, na kidole chake kimoja kinabonyeza herufi mbili. Alilalamika weee! “Mwalimu, si uandike mwenyewe? Wewe ndiye unayezijua zote.” Akamjibu, “Sauti ni yako, andika.” Kazi ya jioni moja ikachukua mwezi, na kelele zao nilizisikia mpaka kwangu.

Alipougua, laptop ilihamia chumbani kwake. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta ameegemea mto, anaandika. “Huu wimbo ni wangu mwenyewe, wa siku yangu ya kuzikwa,” akasema. “Nikiumaliza nitawafundisha.” Nikamwomba aniimbie hata kidogo. Akakataa, akacheka: “Acha haraka, bado haujaiva.” Hakupata nafasi ya kuwafundisha.

Baada ya matanga, ndugu waligawana vitu vya marehemu kama ilivyo kawaida yetu, na laptop akapewa mpwa wake anayesoma chuo. Kijana kuiwasha akaona sura asiyoizoea. Akadhani ni mbovu, akaipeleka Makambako kwa fundi, akapigiwa Windows, na vyote vilivyokuwamo vikafutika. Soprano mmoja alipokuja kuomba nyimbo, hazikuwamo. Fundi hakuambiwa ahifadhi kitu, naye hakuhifadhi. Aisee, nilikasirika sana, lakini kijana alilia mbele yetu: “Mjomba, nilidhani naitengeneza.” Ningemfanya nini?

Jumamosi iliyofuata aliileta mwenyewe kanisani, akaiweka kwenye benchi lile lile. Waimbaji wakapanga foleni tena. Soprano akaandika soprano, alto akaandika alto, na yule besi, na kidole chake kile, hakukosea hata mstari. Kila aliyewahi kuandika sehemu yake alikuwa nayo bado, akiimba kwa sauti ya chini huku akibonyeza. Nyimbo zimerudi moja baada ya nyingine, na nilipozisikia nilitoka nje nikalia. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikataa kuwaandikia.

Umebaki mmoja tu, ule wa siku yake. Kijana aliuliza kwa unyonge kama kuna aliyeusikia. Mwalimu hakuwa amemwimbia yeyote. Ndugu msomaji, kama una kitu unachokiandaa peke yako ukisubiri kiive, mwite mtu leo umwonyeshe hivyo hivyo kilivyo kibichi. Wimbo wa mwalimu wetu hatujui hata neno lake la kwanza.